Laki Moja kwa Mashine Isiyojua Kusema "Pole"

Mhariri, naomba nafasi katika jarida letu la mwaka huu nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo limezungumzwa sana hapa shuleni tangu muhula wa kwanza, ila limezungumzwa zaidi na wale lisiowahusu. Nasema hivyo kwa heshima zote. Sote tunajua kwamba kamati ya wazazi na walimu imeamua kufanya mchango ili shule inunue programu ya kompyuta ya kuwasaidia wanafunzi wasioona. Sisi wenyewe tuko watatu shule nzima. Wawili hawaoni kabisa, na wa tatu ni mimi, ambaye huona kwa shida, tena afadhali asubuhi kuliko jioni. Mpaka leo ninapoandika makala haya hakuna hata mmoja wetu aliyeulizwa anataka programu gani. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sasa sisi ndio tunaokilalia, na tungependa kusikilizwa kabla hundi haijatiwa sahihi.

Kabla ya yote, natoa shukrani. Wazazi wa shule hii si matajiri. Wengi wanatoka Kawangware, Kangemi, Uthiru na Dagoretti, na najua mama mmoja anayeuza sukuma wiki karibu na steji ya 46 ambaye tayari ametoa shilingi mia mbili zake na wala mtoto wake haoni shida yoyote. Pesa kama hizo zina uzito. Hiyo ndiyo sababu inayonifanya niandike. Kama ingekuwa pesa ya kuokota, ningenyamaza.

Kwa wale ambao hawajawahi kuona mambo haya, hebu nieleze kidogo. Asiyeona hatumii kipanya cha kompyuta, kwa maana mshale ule hauoni. Hutumia kibodi peke yake, na ndani ya kompyuta huwekwa programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini: herufi anayoipiga, sentensi aliyoiandika, jina la faili, hata onyo la kwamba betri inaisha. Mimi nami sihitaji sana kusomewa. Nahitaji maandishi yawe makubwa na rangi zigeuzwe, herufi nyeupe juu ya weusi, maana weupe wa skrini hunichoma macho. Hizo ni programu mbili tofauti kabisa. Lakini kwenye barua ya kamati imeandikwa "programu ya vipofu", kana kwamba ni dawa moja ya kumeza asubuhi na jioni. Mwenye malaria na mwenye jino bovu hawapewi dawa moja, ama vipi?

Programu iliyopendekezwa na wakala aliyeleta bei inaitwa JAWS. Sitaki kuisema vibaya, kwa sababu ni programu ya heshima. Ilibuniwa Marekani katika kampuni iliyoanzishwa mwaka 1987 na Ted Henter, aliyekuwa mwendesha pikipiki wa mashindano kabla hajapoteza macho katika ajali ya gari mwaka 1978. Toleo la kwanza lilitoka 1989, enzi zile kompyuta hazina picha wala madirisha, na lile la Windows likafuata 1995. Jina lenyewe ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kupata kazi kwa njia ya sauti. Kiingereza hichohicho, neno hilo maana yake ni mataya, na kweli bei yake inauma. Leseni ya kudumu imekuwa ikizunguka dola 1,000, yaani kwa pesa zetu ni laki moja na ushee, na hiyo ni ya mtumiaji mmoja. Matoleo mapya yanayotoka kila mwaka hulipiwa kando. Wenzetu wanaoishi Marekani waliletewa mpango wa kukodi kwa mwaka kwa dola zisizofika 100 ulipoanza. Huku kwetu mtu huambiwa bei na wakala, na bei ya wakala ni ya wakala.

Sasa kuna jambo ambalo nadhani kamati haikuambiwa. JAWS isiyo na leseni hukubali kufanya kazi kwa dakika 40, kisha hunyamaza mpaka uzime kompyuta na kuiwasha tena. Dakika 40! Muda wa kipindi kimoja cha darasani. Maana yake ni kwamba hatuhitaji kununua ndipo tujue kama inatufaa. Mwalimu wa kompyuta anaweza kuiweka leo, tukaionja vipindi viwili vitatu, tukasema. Hali hiyo ni ya kuonja, si ya kushiba, na wenye programu hawakuiweka ili watu waitumie maisha yao yote kwa ujanja wa kuzima na kuwasha. Lakini kuonja ni ruhusa. Hata nyanya sokoni huwezi kununua bila kuibonyeza.

Upande wa pili kuna programu inayoitwa NVDA. Hii ni ya bure. Ilianzishwa mwaka 2006 huko Australia na kijana asiyeona, Michael Curran, akajiunga naye mwenzake James Teh, naye pia haoni. Waliona si haki mtu asiyeona alipe pesa nyingi zaidi ili atumie kompyuta ileile ambayo jirani yake anayeona huitumia bila kulipa cha ziada. Wakaiandika, wakaiacha wazi ili yeyote aweze kuichukua, kuirekebisha na kuitafsiri. Unaweza kuiweka kwenye flashi, ukaichomeka kwenye kompyuta ya saiba, ikaanza kusema bila hata kuisakinisha. Kwa mtu kama mwenzetu wa Kidato cha Tatu, ambaye nyumbani hawana kompyuta na kazi zake za likizo huzifanyia saiba moja hapo Kangemi, hilo la flashi peke yake lina thamani kuliko laki. Leseni iliyofungiwa kwenye kompyuta moja ya maabara ingemsaidia nini mwezi wa Desemba?

Najua jibu la wazee wetu. Nilishalisikia kwenye baraza: "Cha bure kina kasoro, cha bure hakina mwenyewe, kesho kitatoweka." Ni woga wa haki, kwa sababu sote tumenunua vitu rahisi tukalia. Lakini hebu tuangalie yaliyotokea. Kulikuwa na programu nyingine ya kulipia iliyoitwa Window-Eyes. Ilikuwa mshindani mkubwa wa JAWS kwa miaka na mikaka, na watu waliinunua kwa mamia ya dola. Mwaka 2014 ikaanza kutolewa bure kwa wenye Microsoft Office. Halafu kampuni zikaungana, zikanunuana, na mwaka 2017 ikafungwa kabisa, ikabaki JAWS, ambayo tayari ilikuwa mikononi mwa mnunuzi huyohuyo. Waliolipa walikuwa na mwenyewe wa programu yao, na mwenyewe ndiye aliyeifunga. NVDA ya bure iliyodharauliwa bado ipo, na hutoa matoleo mapya kila mwaka. Kwa hiyo kulipa si dawa ya kutotoweka. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Nisieleweke vibaya, ati bure maana yake haigharimu kitu. Wale wanaoiandika wanakula ugali kama sisi (au chochote wanachokula Australia) na huishi kwa michango na misaada. Kama shule itaitumia, ni vizuri itoe sadaka yake, hata elfu tano kwa mwaka. Tusiwe watu wa kunywa kisimani bila kusafisha kisima.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi kama mwanachama wa Chama cha Kiswahili, na ambalo nashangaa mlezi wetu hakuulizwa. Je, programu hiyo ya laki moja inajua Kiswahili?

Sauti ambayo watumiaji wengi wa JAWS huipenda ni ile iitwayo Eloquence. Ni sauti nyepesi, huenda mbio bila kukwaruza, na waliozoea huisikiliza kwa kasi ambayo sisi wengine tungedhani ni kuku wamevamiwa na mwewe. Inajua Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kihispania, Kiitaliano, Kifini. Kiswahili haina. Ukiipa insha ya Kiswahili, huisoma kwa kinywa cha Kiingereza. Nilikaa na mwenzangu siku moja tukaijaribu kwa insha yake mwenyewe. Neno "wake" likawa "weik". "Pale" likawa "peil". "Tone la maji" likawa "toun". Na alipokuwa ameandika mama mkwe akimwambia bibi harusi "pole mwanangu", mashine ikasema "poul" kwa sauti ya Mmarekani aliyekasirika. Tulicheka mpaka mwalimu wa zamu akaja. Lakini mwenzangu aliponyamaza akasema kitu ambacho sijakisahau: kwamba nyinyi mnaoona mkimaliza kuandika mnarudi kusoma kazi yenu, mnaona mmeandika "alipo kuwa" badala ya "alipokuwa", mnaunganisha, mnasahihisha. Yeye akirudi kusoma, husikia vitendawili. Hawezi kujua kama amekosea yeye au imekosea mashine.

Hilo ndilo jambo lenyewe. Kiswahili ni somo la lazima kwenye KCSE. Kuna insha, kuna sarufi, kuna fasihi. Mwanafunzi asiyeweza kusikia sentensi yake ya Kiswahili vile ilivyo huadhibiwa kwa makosa ambayo hakupewa nafasi ya kuyaona. Kisha tunasema ati Kiswahili kina wenyewe.

NVDA huja na sauti ya bure inayoitwa eSpeak, na hiyo ina Kiswahili ndani yake. Sitawadanganya, ni sauti ya bati. Inasema kama mtu aliyefungiwa ndani ya debe. Lakini husoma "pole" kama "pole". Lugha yetu ina bahati hiyo kwamba huandikwa kama inavyotamkwa, hivyo hata mashine ya bati huweza kuifuata, tofauti na Kiingereza ambacho hata wenyewe wanababaika. Kwa haki, mtu anaweza pia kuilazimisha JAWS itumie sauti ya eSpeak kwa kuisakinisha kando. Sasa niambieni, tulipe laki moja ya programu kisha tuiazimie ulimi kutoka kwa ile ya bure?

Tena cha kuchekesha ni kwamba simu za mkononi zimeipita kompyuta katika jambo hili. Simu ya kawaida ya Android ina programu ya kusoma skrini iitwayo TalkBack, imo humo humo bila malipo, na sauti za Google zina Kiswahili kinachosikika vizuri. Microsoft nao wametengeneza sauti za Kiswahili za Kenya, Zuri na Rafiki, na za Tanzania, Rehema na Daudi, ambazo hufanana sana na binadamu. Unaweza kuzisikia ukifungua ukurasa kwa kivinjari chao cha Edge na kukiambia kisome kwa sauti, ila zinahitaji intaneti, na intaneti ya maabara yetu sote tunaijua tabia yake. Kwa hiyo sauti nzuri zipo duniani. Hazijafika tu mahali ambapo mwanafunzi anaandikia insha, bila mtandao, saa mbili usiku wakati wa maandalio.

Je, nasema hakuna sababu kabisa ya kulipa? La hasha. Ipo, tena nzuri. Maofisini, hasa mabenki na kampuni za simu, kuna programu za kazi zilizotengenezwa bila kumfikiria asiyeona. JAWS huweza kuandikiwa maelekezo maalumu ya kuifanya ielewe programu kama hizo, na kuna mafundi wanaoishi kwa kazi hiyo. Mtu aliyeajiriwa akawekwa mbele ya programu ya namna hiyo huenda asifanye kazi bila JAWS, na hapo mwajiri alipe, tena asinung'unike. Duniani kwa jumla bado watu wamegawanyika karibu sawa. Katika uchunguzi wa WebAIM wa Marekani uliotangazwa mwaka 2024, asilimia 40.5 ya waliojibu walisema JAWS ndiyo programu yao kuu, na asilimia 37.7 wakasema NVDA. Hiyo si tofauti ya kumfanya mtu auze ng'ombe.

Mzazi mmoja aliuliza: je, mtoto akizoea ya bure si atapata taabu akikuta ya kulipia kazini? Swali zuri. Waliotumia zote mbili wataeleza kwamba zinafanana kama mapacha wasiovaa nguo moja. Katika zote mbili unashikilia Insert au Caps Lock ili kuipa amri. Ukiwa kwenye ukurasa wa mtandao, herufi H inakurusha kwenye kichwa cha habari kinachofuata, na T kwenye jedwali. Tofauti zipo, lakini aliyejifunza kuendesha Toyota hashindwi na Nissan. Kitu kigumu ni kujifunza kuendesha.

Na hapo ndipo naona pesa yetu inahitajika. Mwaka 2009 Irene Mbari-Kirika alianzisha shirika la inABLE, na walianza kazi katika Shule ya Wasioona ya Thika, ile ya tangu 1946. Hawakuacha kompyuta mlangoni na kuondoka. Waliweka maabara na watu wa kufundisha. Hapa kwetu mwalimu wa kompyuta ni mmoja kwa shule nzima, na ni mwalimu mzuri, lakini hajawahi kufundishwa kutumia kompyuta bila kipanya. Programu ya laki moja bila mwalimu ni redio bila betri. Kama kamati ingemlipia yeye, pamoja na mwalimu mmoja wa lugha, mafunzo ya wiki mbili kwa mtu asiyeona anayejua kazi, shule ingefaidika hata baada ya sisi watatu kumaliza Kidato cha Nne na kwenda zetu. Hapa upande wetu wa mji watu wenye ujuzi hawakosekani. Shule ya Msingi ya Kilimani imesomesha wasioona pamoja na waonao kwa miaka mingi, na Moi Girls Nairobi nayo vilevile. Ni safari ya matatu moja au mbili kwenda kuuliza wenzetu wanatumia nini. Kuuliza si ujinga.

Upande wangu mimi mwenye uoni hafifu, maneno ni machache. Ipo programu ya kulipia inayoitwa ZoomText, ya siku nyingi, na ni nzuri: herufi zake zinabaki laini hata ukizikuza mno, na inaweza kukuza sehemu moja ya skrini na kuacha nyingine. Lakini Windows ina kikuzaji chake tangu 1998, na ukibonyeza kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha, kinafunguka hapohapo. Nimekitumia mwaka mzima. Kinanitosha. Nilichokosa mimi ni skrini kubwa, maana ukikuza maandishi mara nne kwenye skrini ya inchi 14 unaona maneno matatu tu, unasoma insha kama mtu anayechungulia mkutano kupitia tundu la ufunguo. Skrini kubwa ya mitumba huko mjini haifiki hata sehemu ndogo ya bei ya ZoomText.

Nikitaja mjini lazima niguse jambo ambalo wengine wananong'ona. Kwamba kuna fundi fulani, River Road ama Luthuli, anaweza kutuwekea JAWS "ya kuvunjwa" kwa elfu moja na mia tano, tumalize maneno. Ndugu wa mwenzetu, aliye chuoni, alifanyiwa hivyo na fundi mmoja ambaye sina haja ya kumtaja. Ikafanya kazi miezi miwili. Siku aliyounganisha intaneti ili atume kazi yake ya mwisho wa muhula, ikanyamaza kabisa, na kompyuta ikaanza kufungua matangazo ya kamari. Kwa mtu anayeona, programu ikifa skrini bado ipo. Kwa asiyeona, programu ikinyamaza kompyuta nzima imekuwa sahani. Hakujua hata kama faili lake limehifadhiwa. Mbali na kwamba ni wizi, na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 iko wazi, ni upumbavu kuiba kitu wakati kingine kinachofanana nacho kinagawiwa bure.

Tena kuna kizuizi ambacho hakuna programu itakayokiondoa, ya bure wala ya kulipia, nacho ni karatasi za walimu wetu. Naomba radhi kwa walimu watakaosoma. Notisi iliyopigwa picha kwa simu ikatumwa, kwa kompyuta ni picha tu kama picha ya mlima. Programu hizi zinaweza kujaribu kukisia maandishi yaliyo ndani ya picha, na hufaulu karatasi ikiwa safi. Lakini mtihani wa zamani uliotolewa nakala ya nakala ya nakala, wenye mstari mweusi katikati na pembe iliyokunjwa, huo hausomeki hata na mwenye macho ya tai. Mwalimu aliyeuandika kwenye kompyuta anaweza kutupa faili lenyewe. Haimgharimu hata ndururu. Ningepewa kuchagua kati ya JAWS na kupata mafaili ya walimu wote wa Kidato cha Tatu, nisingefikiri mara mbili.

Na breli isisahaulike, maana wengine husema kompyuta imeizika. Mashine ya Perkins, iliyoanza kutengenezwa 1951, bado ndiyo kalamu ya mwenzetu. Ina uzito wa karibu kilo tano na kelele ya cherehani, lakini haihitaji stima. Hesabu na sarufi huzifanya hapo. Sauti hukuambia neno, haikuonyeshi kama ni "hali" au "ghali" mpaka usikilize herufi moja moja. Kidole huona.

Kuhusu pesa, kamati ijue kwamba haiko peke yake. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya zaidi ya 333,000 wenye shida ya kuona, kwa hiyo si jambo la watoto watatu wa shule moja. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinasema mwenye ulemavu ana haki ya kupata vifaa vya kumsaidia. Bunge lilipitisha sheria ya kwanza ya watu wenye ulemavu mwaka 2003, na mpya ikafuata 2025. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu liko hapo Waiyaki Way, karibu sana nasi, na lina hazina ya vifaa vya usaidizi. Ni kweli foleni ni ndefu na fomu ni nyingi. Lakini shule ikiandika barua rasmi kwa majina yetu matatu, barua hiyo ina nguvu kuliko mzazi mmoja kwenda na kurudi na nauli yake. Kenya Society for the Blind nayo, iliyoundwa kwa sheria ya Bunge tangu 1956, ipo papa hapa Nairobi. Hata kama hawatatupa shilingi, watatupa maneno ya mtu asiyekuja kuuza kitu.

Basi haya ndiyo ninayoomba kwa kamati. Hundi isimame kwa wiki mbili. Katika wiki hizo, NVDA na ile JAWS ya dakika 40 ziwekwe kwenye kompyuta mbili za maabara, na wenzangu wawili wapewe kazi za kweli: kuandika insha ya Kiswahili na kuisoma tena, kufungua faili la Historia lenye jedwali, kuingia kwenye tovuti ya KUCCPS mahali ambapo mwaka ujao watachagua kozi, na kujaza fomu ya eCitizen hadi mwisho. Waandike wenyewe ilipokwama. Mwalimu mkuu akiwa na karatasi hiyo mkononi, akipenda kununua JAWS, mimi sitakuwa na neno tena. Nikiombwa kubashiri, nadhani laki moja itatosha hedifoni nzuri tano, laptopu mbili za mitumba, skrini yangu kubwa, mafunzo ya walimu wawili na sadaka ya NVDA, na bado ibaki ya chai ya kamati.

Jambo la mwisho ni la chama chetu, halihitaji mchango. Nilisema eSpeak ni sauti ya bati. Kanuni zake za kutamka Kiswahili zimeandikwa katika mafaili ya maandishi ya kawaida, yako wazi, na mtu yeyote duniani anaweza kupendekeza sahihisho. Sisi hapa tuna wanachama arobaini wanaobishana kila Jumatano kuhusu matamshi. Nimezungumza na mwalimu wa kompyuta, naye amekubali kutupa vipindi viwili vya Jumatano baada ya michezo. Mwenzetu wa Kidato cha Tatu atasikiliza na kutaja kila neno linaloharibika, sisi tutaandika lilivyopaswa kutamkwa, na mwalimu atatuonyesha jinsi ya kulituma. Orodha ya majina iko kwenye ubao wa matangazo nje ya maktaba, na mwenzetu amekwisha kuanza daftari lake la breli. Mpaka jana lilikuwa na maneno kumi na manane.